Kidole cha Kikapu

Mimi sina wivu. Nilimwambia hivyo mke wangu Murielle, naye akacheka mpaka akaachia nywele alizokuwa anasuka. Mteja akageuka kunitazama, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimechanuka.

"Huna wivu?" akasema. "Papa Marcellin, weye unamwonea yule mama wa Kenya wivu kama wa wake wenza. Tofauti ni kwamba anayegombewa ni mtoto."

Nilichukua kofia yangu ya kazi nikatoka. Lakini leo nimekaa nataka kusema kweli, basi nitasema: ndiyo, nilikuwa na wivu. Ulinikalia hapa chini ya kifua tangu mwezi wa pili mpaka wa nane, ukala nami, ukalala nami. Na nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu. Siku binti yangu Gaëlle atakapochaguliwa au kukataliwa timu ya mkoa, atakaposimama kwenye mstari wa mtupo huru na ukumbi umenyamaza, nilitaka amtazame baba yake. Si mtu mwingine. Mimi.

Kama huujui mpira wa kikapu, nikueleze. Mtu akikuchezea vibaya, mwamuzi anakupa mpira, unasimama peke yako mbele ya kikapu, hakuna wa kukuzuia, unatupa. Ni rahisi kuliko vyote, na hapo ndipo miguu ya watu inapotetemeka. Watoto wanaojua kukimbia ni wengi. Wanaojua kusimama ni mmoja mmoja.

Mimi nilijua kusimama. Nimezaliwa Lubumbashi, Kamalondo, na nilijifunzia kikapu kwenye uwanja wa saruji wa parokia, saruji imepasuka, mpira umepasuka, magoti yamepasuka. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilivunjika kidole gumba cha kushoto. Nilikifunga kwa kitambaa mwenyewe maana Jumapili kulikuwa na mechi. Kilipona kimepinda kama ndoano, hakifunguki, na bado nikaendelea kufunga. Walikuwa wananiita Notaire, yaani mthibitishaji wa hati, kwa sababu kwenye ule mstari nilikuwa kama natia sahihi. Halafu maisha yakanisukuma huku Johannesburg. Nimelinda magari ya watu, nimebeba mizigo Newtown, na sasa ni mwaka wa tisa ninalinda mlango wa jumba la michezo hapa Braamfontein, karibu na chuo.

Mlinzi ni mtu anayeona kila kitu na hasikilizwi na mtu. Juu ya mlango wangu kuna saa kubwa ya ukutani. Ilikufa mwezi wa kwanza, mishale ikasimama saa nne na dakika kumi. Niliandika kwenye kitabu cha ripoti mara tatu: saa imekufa, tuma fundi. Hakuna aliyekuja. Mwenzangu wa zamu, Khatibu, mtu wa Tanga, alisema niache kujichosha, angalau mara mbili kwa siku inasema kweli. Khatibu huyo ndiye aliyeninyooshea Kiswahili, miaka yote hiyo tukikaa mlangoni pamoja. Ila nikikasirika ninarudi Kamalondo moja kwa moja.

Na Gaëlle alinikasirisha kila siku, jioni kabla ya chakula, kwa miaka tisa.

Alipokuwa na miaka sita nilimwomba fundi wa kuchomelea chuma anipindie pete ya kikapu, nikaipigilia ukutani nyuma ya nyumba tunayopanga Soweto. Mitupo mia moja kila siku. Palepale, mstari uleule nilioupiga kwa chokaa. Mtoto ana mguu mwepesi, ana jicho, ana roho ya paka. Lakini mpira wake ulikwenda kulia. Daima kulia! Kwa nini? Kwa sababu mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kuushikilia mpira tu halafu ukae pembeni, ulikuwa unausukuma dakika ya mwisho. Basi nami nikawa napiga kelele:

"Tosha mukono! Weye Gaëlle, tosha mukono ya kushoto!"

Kwetu Lubumbashi kutosha ni kuondoa. Tosha viatu mlangoni. Tosha chungu kwenye moto. Gaëlle amezaliwa hapa, anaongea Kiingereza na Kizulu, Kiswahili anakisikia tu na kukijibu kwa lugha zake, lakini neno hilo analijua kuliko jina lake. Kila mtupo nilimwambia. Mia kwa siku, zidisha kwa miaka tisa, hesabu mwenyewe. Na mpira ukaendelea kwenda kulia, mitano kati ya kumi inaingia, mitano nje. Nilijiambia mtoto ni mkaidi kama mama yake.

Ndipo akaja Monicah.

Mwezi wa pili, Jumamosi asubuhi, gari dogo safi likaegeshwa mbele ya mlango wangu, akashuka mama wa miaka arobaini hivi, miwani, raba mpya, begi lenye kompyuta. Mkenya. Anafundisha chuoni habari za mwili na mazoezi, akaombwa awasaidie wasichana wa klabu ya ukumbi wetu, Gaëlle akiwemo, kujiandaa na mchujo wa timu ya mkoa, wale wa chini ya miaka kumi na sita. Nilimuuliza kwa adabu zote, "Maman Monicah, ulichezea timu gani?"

"Nilicheza shule ya upili tu, Baba Gaëlle," akasema huku anacheka. "Na nilikuwa natokea benchi."

Benchi! Mimi Notaire ninasimama mlangoni na kofia, na mtu wa benchi anaingia ndani kufundisha mtoto wangu. Niliandika jina lake kwenye kitabu cha wageni kwa mkono mzito mpaka karatasi ikatoboka.

Na afadhali angefundisha! Jumamosi ya kwanza alikaa kimya. Wasichana wanatupa, wanakosa, yeye kimya. Baada ya mitupo mitano mitano anamwita mmoja, anamuuliza, "Umesikia nini mkononi?" Anauliza! Mwalimu gani anamuuliza mwanafunzi? Halafu hataki watupe kutoka sehemu moja. Mmoja hapa, mmoja kule, mmoja karibu, mmoja mbali, kama kuku wanaodonoa. Anawaambia wafumbe macho mara mpira ukitoka mkononi, waseme umekwenda wapi kabla ya kuusikia. "Mfupi!" wanaita. "Kulia!" Nilikuwa nachungulia kwenye kioo cha mlango, damu inachemka.

Jumamosi ya nne nilishindwa. Gaëlle amesimama kwenye mstari, namwona kabisa mkono wa kushoto unasukuma, na yule mama ameshika kalamu tu. Nikafungua mlango nikapaza sauti:

"Tosha! Weye Gaëlle, tosha!"

Monicah akanitazama. Akatazama saa ya mkononi. Gaëlle akatupa tena, kulia tena.

"Tosha, nasema! Mara ngapi? Tosha!"

Yule mama akapiga makofi mawili, akawaambia wasichana wakusanye mabegi. Wakavaa masweta, wakatoka mstari mmoja mbele yangu. Nilishangaa. Mazoezi yalikuwa yamebakiza dakika arobaini. Siku ya Jumatatu msimamizi wangu akaniita ofisini: wazazi wawili wamelalamika kwamba mlinzi amefukuza watoto ukumbini kabla ya muda. Kumbe Monicah alisikia Kiswahili cha kwao. Mlinzi amesema inatosha, basi muda umekwisha, watu watoke!

Khatibu alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Mimi nilipewa barua ya onyo: mlinzi asiseme na watumiaji wa ukumbi wakati wa shughuli zao. Jumamosi iliyofuata Monicah alikuja mlangoni, uso umejaa aibu.

"Baba Gaëlle, nisamehe. Si nilidhani unatuambia muda umeisha? Gaëlle ndiye amenieleza maana yenyewe. Na kwa kweli uko sawa kabisa, shida ni ule mkono wa kushoto."

"Ninajua niko sawa," nikasema.

"Ila ukimwambia kila mara, atakungoja wewe umwambie. Kwenye mechi utakuwa wapi?"

Nitakuwa wapi! Nitakuwa palepale, nilitaka kumwambia. Lakini barua ya onyo ilikuwa mfukoni, ikanifunga mdomo. Na jioni hiyo, tumekaa mezani, Gaëlle akaniambia bila kuinua macho kwenye sahani, "Papa, Jumamosi usiseme kitu. Tafadhali." Murielle akanitazama. Nilitafuna ugali kama natafuna mchanga.

Tangu hapo nyumba yangu ikajaa Monicah. Kocha anasema tulale kwa saa nane. Kocha anasema usifikirie mkono, fikiria mdomo wa nyuma wa pete. Kocha anasema kukosa si dhambi, ni habari. Eish! Nyuma ya nyumba mstari wangu wa chokaa ukafutika, maana hakuna aliyesimama hapo tena, nami sikuupiga upya. Anatupa kutoka kwenye tanki la maji, anatupa kutoka kwenye kamba ya nguo, amefumba macho, anajisemea mwenyewe. Nikitoka nje, ananyamaza mpaka niingie ndani. Mimi niliyeipigilia pete ile!

Na uchungu mkubwa zaidi ni kwamba ilifanya kazi. Nilihesabu kwa siri kupitia kioo. Mwezi wa tatu, sita kati ya kumi. Mwezi wa tano, wiki moja alifika saba. Baba mwingine angeshukuru Mungu. Mimi kila mpira ulioingia nilisikia kama umenipiga tumboni, na ulipokosa, Mungu anisamehe, kuna kitu kidogo ndani yangu kilicheka. Nimekisema. Sikionei fahari.

Halafu akachukua hata neno langu. Asubuhi moja namsikia Monicah ndani, na lafudhi yake ya Nairobi, anawaita wasichana wote kumi na wawili: "Haya, tosha mkono!" Nao wanaitikia, Wazulu, Wasotho, Mzungu mmoja mwenye nywele za mkia wa farasi, "Tosha mkono!" na wanacheka na kuondoa mikono. Neno la bibi yangu! Miaka tisa limepita sikio hili likatokea lile, sasa limekuwa wimbo wa Monicah. Nilimwambia Khatibu kwamba huyu mama akiachiwa atachukua hata kofia yangu.

"Mpe na mke," akasema Khatibu, "umalize."

Basi mwezi wa sita nikafanya ujinga. Ilikuwa baridi ya asubuhi, pumzi inaonekana, Monicah amechelewa na wasichana wanatetemeka ukumbini. Mazoezi hayajaanza, nikajiambia, kwa hiyo si wakati wa shughuli. Nikaweka kofia kwenye kiti, nikaingia na buti zangu, nikamwambia Gaëlle nipe mpira.

"Papa, hapana," akasema kwa sauti ya chini.

"Njooni muone," nikawaambia wenzake. "Hii haipo kwenye kompyuta."

Nikasimama kwenye mstari. Nilikuwa sijatupa mbele ya watu kwa miaka zaidi ya ishirini, tumbo limekaza vifungo vya shati la kazi. Wa kwanza ukaingia bila kugusa chuma. Wa pili ukaingia. Kati ya kumi nilifunga nane! Wasichana wakapiga vigelegele, yule mwenye mkia wa farasi akanipa mkono. Nilimtafuta Gaëlle kwa macho. Alikuwa anatabasamu, hata kama hakutaka. Nikageuka, na Monicah amesimama mlangoni, simu mkononi, ananipiga video.

"Mzee, kumbe!" akasema. "Nimefurahi sana."

Wiki nzima nilitembea kama jogoo. Nilimsimulia Murielle, nilimsimulia kila mteja wake, nilimsimulia dereva wa basi. Sasa ameona nani ni nani, nilisema. Jumamosi iliyofuata Monicah akaniita ndani kwa heshima, tukakaa kwenye benchi, yeye kulia, Gaëlle kushoto, mimi katikati. Akafungua simu. Kioo kimegawanywa mara mbili: upande huu Gaëlle anatupa, upande ule mimi natupa, pande zote polepole, polepole sana.

Machozi yalinijia. Magoti yanainama wakati mmoja. Kiwiko kinapanda wakati mmoja. Ni mimi yule, mimi wa Kamalondo, kwenye mwili wa msichana. Nikamtazama Monicah nikasema, na sauti yangu ilikuwa na kiburi, "Unaona? Huyu ni wa kwangu. Huyu hakufundishwa na mtu mwingine."

"Ninaona," akasema Monicah taratibu. Akasimamisha picha. "Sasa tazama kidole gumba cha kushoto."

Nikatazama. Changu kimepinda kama ndoano, kimeganda juu ya mpira, kinausukuma. Cha Gaëlle, kidole kizima, kizuri, ambacho Mungu alikinyoosha, kimekunjwa vilevile. Ndoano ileile. Kinausukuma mpira kulia.

"Mimi changu kilivunjika!" nikapiga kelele. "Hakifunguki! Nilijifunza kutupa nacho kwa sababu sikuwa na kingine, nikazoea kulenga kushoto kidogo! Yeye chake kizima, nani amemfundisha huu upumbavu?"

Gaëlle hakujibu kwa Kiingereza. Alijibu kwa Kiswahili, kile ambacho huwa hakisemi, akitamka neno moja moja.

"Si weye, Papa? Ulisema ni kidole cha kikapu."

Nilikuwa nimesahau. Naapa mbele ya Mungu nilikuwa nimesahau kabisa. Alikuwa na miaka sita, amekaa kwenye goti langu, anachezea mkono wangu, akauliza kwa nini kidole hiki kiko hivi. Nami ningesema nini? Kwamba nilivunjika, hakukuwa na daktari, na ndoto ya kwenda mbali ikaishia pale? Nilisema: hiki ni kidole cha kikapu, mama. Wachezaji wazuri wote wanacho. Tukacheka. Yeye akakikunja cha kwake, akanionyesha. Nikambusu.

Kumbe mtoto aliendelea kukikunja miaka tisa. Mdomo wangu unasema tosha mkono, mkono wangu unamwonyesha kinyume, na yeye alichagua kuamini mkono.

Niliinuka nikarudi mlangoni. Khatibu alipoona sura yangu akaniuliza, nami kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kudanganya nikamwambia yote. Alitikisa kichwa.

"Nyani haoni kundule, ndugu yangu."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza."

Unadhani hapo wivu ulikwisha? Wapi! Uliota meno. Kabla ya hapo nilikuwa naweza kusema kosa ni la mtoto, au la mwalimu. Sasa ugonjwa ulikuwa wangu na dawa ilikuwa ya Monicah. Alimpa Gaëlle zoezi: abane kadi ya basi katikati ya kidole gumba cha kushoto na kidole cha shahada, kisha atupe. Kidole kikisukuma, kadi inaanguka. Siku za kwanza kadi ilianguka kila mtupo. Nilikuwa nakaa jikoni nasikia ikidondoka kwenye saruji, tap, tap, na mtoto anainama kuiokota. Sikutoka nje. Ningetoka nikasema nini? Monicah alikuwa amemwambia mazoea ya miaka tisa hayatoki kwa wiki tisa, na siku ya woga yanaweza kurudi. Hata woga wa mtoto wangu alikuwa ameshaupangia.

Jioni moja Gaëlle alisimama mlangoni pa jikoni na mpira chini ya kwapa. "Kwa nini siku hizi hupigi kelele?" akauliza.

"Kocha wako hataki kelele."

"Sikuuliza kuhusu kocha."

Nilijifanya natafuta chumvi. Akasubiri kidogo, akarudi nje.

Mchujo ulikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, kwenye ukumbi wangu. Wasichana ishirini na wanne, nafasi kumi na mbili. Gaëlle aliniomba nibadilishane zamu na Khatibu, nisiwepo siku hiyo. Aliomba kwa upole, na upole ndio ulioniumiza. Nilimwambia Gaëlle kwamba Khatibu anaumwa. Khatibu alikuwa mzima kama mti. Siku hiyo alikaa nyumbani akala pilau, na nimemwahidi nitamlipia zamu mbili. Nilikuwa tayari kusema uongo mara kumi zaidi. Kama binti yangu atasimama kwenye ule mstari na kumtazama Monicah, nilitaka kuona kwa macho yangu, nife siku moja, yaishe.

Nilipiga pasi shati mara mbili. Nikasimama mlangoni, chini ya saa yangu iliyokufa, mikono nyuma. Monicah alikaa ng'ambo ya uwanja, kwenye viti vya walimu, karatasi magotini. Wachaguzi watatu mezani. Wasichana wakagawanywa timu mbili, na Gaëlle alicheza vizuri, alikimbia, aliiba mipira, lakini wenzake nao hawakuja kulala. Dakika za mwisho hesabu ilikuwa sawa. Gaëlle akaingia chini ya kikapu, msichana mrefu wa Pretoria akampiga kiwiko, filimbi ikalia. Mitupo miwili.

Ukumbi ukanyamaza.

Alipangusa viganja kwenye kaptula. Hakumtazama mtu. Akatupa, na nikaona kabla mpira haujaondoka, nikaona kwa mbali mita ishirini: kidole kimekunjika. Woga umemrudisha nyumbani. Mpira ukagonga pete upande wa kulia ukatoka nje.

Mwamuzi akaokota mpira akamrudishia. Sasa, nikasema moyoni, sasa atainua kichwa. Nikamtazama Monicah. Monicah alikuwa ameinamisha uso kwenye karatasi zake makusudi, hataki kutazamwa, ndivyo anavyofundisha. Gaëlle akainua kichwa. Akageuka. Akatazama mlangoni.

Alinitazama mimi! Nilikuwa na neno lote tayari kooni, limejaa, limevimba. Miaka tisa ya kelele ilikuwa inagonga meno itoke. Barua ya onyo haikuwa kitu, ningeimeza. Lakini ningepiga kelele gani, na kidole hiki? Nilitoa mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, nikaunyanyua kidogo aone ile ndoano, kisha nikautia mfukoni. Wote, mpaka kwenye kifundo. Nikabaki na mkono mmoja.

Gaëlle akageukia kikapu. Akavuta pumzi. Mkono wake wa kushoto ulikaa pembeni ya mpira, wazi, kidole kimenyooka, na mpira ukapanda ukaingia katikati, wavu ukatoa ule mlio wa kitambaa.

Jina lake lilisomwa la tisa. Wa kwanza kumkumbatia alikuwa Monicah, na hapo nilisikia yale meno tena, maana mlinzi haondoki mlangoni na watu ndio wanapita kutoka. Walikuja wote wawili. Monicah macho mekundu. "Baba Gaëlle, hongera," akasema. "Huyu ni wako kweli." Nilitaka kusema asante. Nilisema, "Tia sahihi kitabu cha wageni unapotoka." Akacheka, akatia sahihi.

Zamu yangu iliisha saa kumi. Gaëlle alinisubiri kwenye ngazi, hakwenda na wenzake. Tulipanda basi la Soweto tukakaa pamoja, begi lake miguuni mwangu. Nilijizuia kituo cha kwanza. Nilijizuia cha pili. Basi liliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nikashindwa.

"Ulipokosa ule wa kwanza," nikasema, "ulimtazama nani?"

Aliegemeza kichwa kwenye kioo. Halafu akasema, kwa Kiswahili tena, "Sikutazama mtu, Papa. Nilikuwa natazama saa."

"Saa gani?"

"Ile ya juu ya mlango. Nione dakika zilizobaki."

Kona ya mdomo wake ilicheza kidogo, akafumba macho. Anakuja ukumbini kila Jumamosi kwa miezi saba, anaijua ile saa iliyokufa kama ninavyoijua mimi. Nilikaa na kidole changu mfukoni mpaka tukafika.

Jumatatu asubuhi fundi alikuja, na ngazi begani na kisanduku cha vifaa. Alisema ametumwa kutengeneza saa ya ukumbi, kuna ripoti tatu, nani aliandika?

"Sijui," nikasema. "Labda Khatibu. Hiyo saa haina shida, bwana. Iache kama ilivyo."